Nimelipia kuona korongo la Columbia, nimeishia kuhesabu matela ya malori

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Jumamosi nilitoka na msafara wa pikipiki wa siku nzima kwenye korongo la mto Columbia, pale Oregon inapopakana na Washington, Marekani. Kampuni siitaji, wakipita hapa watajijua. Tangazo lao lilikuwa na picha tatu: jengo la Vista House juu ya jabali la Crown Point, maporomoko ya Multnomah, na zile kona za Rowena zilizojikunja kama chatu aliyeshiba. Hakuna hata sehemu moja tuliyotia mguu.

Kwa wasiopajua: kuna barabara ya zamani iliyojengwa kati ya 1913 na 1922. Mhandisi wake, Samuel Lancaster, hakutaka mwinuko uzidi asilimia 5, kwa hiyo barabara inazunguka taratibu kufuata mlima, msituni, maporomoko yakiwa pembeni kabisa. Ukiwa kwenye pikipiki hiyo ndiyo raha yenyewe. Halafu chini, kando ya mto, inapita I-84, njia ya malori.

Mmeshajua tulipita wapi.

Tulipofika Troutdale, penye mchepuko wa kuingia barabara ya zamani, kiongozi akanyoosha moja kwa moja. Nikapiga honi. Akaninyanyulia dole gumba, sijui alidhani nampongeza! Maporomoko ya Multnomah, mita 189, nimeyaona kwa sekunde chache, kwa kuchungulia kati ya tela na tela.

Cascade Locks tukavuka daraja la Bridge of the Gods kwenda kula upande wa Washington. Hapa ndipo nilipochukia kabisa. Daraja ni la 1926, na sakafu yake ni wavu wa chuma. Ukiangalia chini unaona maji. Tairi likigusa ule wavu linaanza kutafuta njia yake, usukani unacheza kushoto kulia, na chini kuna mlio kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Dawa yake ni kulegeza mikono, kushika mwendo uleule na kutogusa breki. Hayo nimeambiwa na mwenzangu baada ya kuvuka. Mimi nilikuwa nimekaba usukani mpaka vidole vikafa ganzi, na dada aliyekuwa mbele yangu alifunga breki katikati ya daraja, nikamkosa kidogo tu. Kiongozi mzima unashindwaje kusimamisha watu dakika mbili uwaeleze?

Chakula kilikula saa mbili nzima. Saa mbili wakuu!

Kufika mji wa Hood River upepo ukatuvaa. Kiangazi ni kawaida, hewa baridi ya baharini inavutwa kwenda kwenye joto la nyanda kavu za mashariki, na korongo ndilo bomba lake. Nayo hatukuambiwa. Hapo kiongozi akatangaza muda umetubana, tunageuza. Rowena ilikuwa imebaki mwendo wa kama nusu saa. Na kurudi? I-84 ileile.

Nimewaandikia nikidai hela yangu. Jibu limekuja asubuhi hii: "Korongo ni lilelile, upite juu au upite chini."

Aliyewahi kurudishiwa pesa na watu wa aina hii anielekeze nianzie wapi.