Nimetangazwa muflisi hapa Uingereza, Alhamisi napigiwa simu ya mahojiano. Naombeni msaada

Binti_Pangani ameandika:

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisome hadi mwisho, maana hili jambo siwezi kumwambia mtu wa karibu.

Nipo Leicester, nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Mume wangu alifungua biashara ya kusafirisha mizigo, mimi nikasaini kama mdhamini wa mkopo. Biashara ikafa, yeye akaondoka, wadai wakabaki na jina langu. Ukijumlisha na kadi za mkopo nilizokuwa nalipia kodi ya nyumba, deni limepita pauni 54,000. Mshauri wa madeni alinisaidia, nikaomba kufilisika kwa njia ya mtandao, nikalipa ile ada ya pauni 680, na amri imeshatoka.

Sasa nimeletewa barua kwamba Alhamisi saa nne asubuhi nitapigiwa simu na ofisa wa mfilisi wa serikali, na kuna dodoso refu la kujaza kabla ya hapo. Tangu barua ifike silali. Simu ikiita namba nisiyoijua mikono inakufa ganzi. Kiingereza cha kazini nakiweza vizuri, lakini nikiogopa maneno yanakimbia yote.

Kinachonikosesha raha ni mambo ya nyumbani. Nina kiwanja Kibaha, kina jina langu, mama amejenga chumba kimoja na anaishi humo. Kwenye maombi nilikiandika, ila karatasi niliyonayo ni ya mauziano tu yenye muhuri wa serikali ya mtaa, bei yake ya leo siijui. Halafu nimo kwenye upatu na kina mama wenzangu hapa, zamu yangu bado. Na kila mwezi natuma hela kwa mama. Wataniuliza? Wanaongeaje? Aliyepitia aniambie kinavyokwenda, tafadhali.

---

Mwana_Ilala:

Pole sana dada. Kwa ushauri wangu, hicho kiwanja sema ulishampa mama siku nyingi. Mpigie mjumbe akuandikie karatasi ya zawadi, aweke tarehe ya mwaka juzi. Huku Uingereza nani atakwenda Kibaha kuangalia?

---

Baba_Nasri:

Dada, kabla ya yote, hilo la Mwana_Ilala usilifanye. Ndugu yangu, najua umesema kwa huruma, lakini unamtoa mtu kwenye deni unampeleka kwenye jinai. Kuficha mali baada ya kufilisika ni kosa chini ya sheria ya ufilisi ya 1986, na mali maana yake ni mali popote ilipo duniani. Kiwanja ameshakiandika. Ikitokea karatasi ya zawadi sasa hivi, swali la kwanza litakuwa kwa nini haikuwepo kwenye maombi. Na hata zawadi ya kweli wanaweza kurudi nyuma miaka mitano kuiangalia. Zaidi ya hapo unamwingiza mama wa watu na mjumbe wake kwenye uongo.

Sasa nikuambie yangu. Mimi ni dereva wa lori, naishi Luton, nilipitia mahojiano hayo hayo kwa simu. Nami nilikuwa na hofu kama yako. Nilidhani nitakutana na polisi. Aliyepiga alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akajitambulisha, akaniuliza kama niko mahali ninapoweza kuongea bila kusikilizwa. Akahakiki jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Kisha akaanza na swali ambalo nadhani watu wengi hawajaliandalia jibu: "Nieleze, kwa maneno yako, ilikuwaje ukafika hapa?"

Hilo ndilo uliandae kuliko mengine yote. Usiandae utetezi, andaa mpangilio. Mkopo ulichukuliwa lini, biashara ilianza kuyumba lini, ulianza lini kulipia mahitaji ya nyumbani kwa kadi, lini ulijua kwamba huwezi tena kulipa. Mimi niliandika kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, tarehe kushoto na tukio kulia. Alipouliza nikawa nasoma huku natafsiri. Pale sauti ilipokauka, macho yalirudi kwenye karatasi na nikaendelea.

Baada ya hapo anaingia kwenye taarifa za benki. Na hapa, dada, ndipo watu wetu wanapobabaika, kwa sababu hela zetu zina njia nyingi. Aliniuliza hivi, bila ukali: "Tarehe 12 Machi kuna pauni 400 zimetoka, zilikwenda kwa nani?" Zilikuwa za matibabu ya baba. Mimi nilikuwa nimechapisha taarifa zangu na pembeni ya kila mstari mkubwa nimeandika kwa penseli: baba, hospitali, kaka, ada, gari, breki. Nikamjibu hapo hapo. Akasema asante, akaenda mstari unaofuata. Fanya hivyo kwa hela za mama yako, na weka pamoja risiti za kumtumia mama pesa. Ukiwa umemlipa ndugu au rafiki deni lake wakati wadai wengine hujawalipa, hilo nalo lieleze. Kwa ndugu wanaweza kuangalia hadi miaka miwili nyuma.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: ukimya. Unajibu, halafu upande wa pili kunakuwa kimya. Moyo unaanza kwenda mbio, unahisi hajakuamini, unaanza kuongeza maneno ambayo hukuulizwa. Dada, anaandika! Sikiliza vizuri utasikia kibodi. Jibu, nyamaza, msubiri amalize.

Na ukiwa hujui kitu, sema hujui na kwamba utakitafuta na kukituma. Mimi bei ya trela langu la zamani sikuijua. Akanipa siku za kuipata, basi. Kukisia ndiko kunakoleta shida, maana ukikisia leo na karatasi ikisema vingine kesho, inaonekana umedanganya.

Kuhusu lugha: piga namba iliyoko kwenye barua kesho, mapema, waambie unaomba mkalimani wa Kiswahili. Mimi niliomba, wakaniwekea kwenye simu ile ile. Nilijibu mengi kwa Kiingereza mwenyewe, lakini kujua kwamba yupo kulinipa pumzi. Waambie pia kwamba una wasiwasi mkubwa na unatoka zamu ya usiku. Omba saa nyingine kama saa nne utakuwa hujalala. Ni haki kuomba, na ni heri kuliko kujibu maswali ya fedha ukiwa na usingizi.

---

Shangazi_Rehema:

Binti yangu, pole na hongera kwa kuchukua hatua. Najitolea kwenye ofisi ya ushauri wa madeni hapa Birmingham, kwa hiyo naongezea kwa yale ya Baba Nasri, ambayo ni sahihi.

Upatu. Umeuliza vizuri, maana wengi wanauacha wakidhani ni mambo ya kina mama tu. Hesabu yake ni rahisi. Kama hujapokea, unadai: zile ulizokwishachanga ni mali yako na zinaandikwa. Kama ungekuwa umeshapokea na bado unachangia, ungekuwa unadaiwa, na wenzako wangeingia kwenye orodha ya wadai. Wewe hujapokea. Kwa hiyo andika jumla uliyochanga, jina la kijumbe anayekusanya michango, na mwezi wa zamu yako. Usiombe kina mama wakubadilishie zamu kimya kimya. Mweleze kijumbe kwamba una jambo la kisheria na kuna uwezekano akaulizwa. Aibu naielewa mwanangu, lakini kijumbe akisikia kwako ni afadhali kuliko kusikia kwenye barua.

Kiwanja: tuma nakala ya hiyo karatasi ya mauziano, eleza kwamba mama anaishi humo na ni nani alijenga chumba. Kama mama alijenga kwa hela yake, sema. Bei mwombe mtu wa Kibaha anayejua viwanja vya mtaa huo akuandikie makadirio. Uamuzi wa nini kifanyike ni wa mfilisi, mimi siwezi kukuahidi lolote hapo, na mtu yeyote akikuahidi usimwamini.

Na kama kuna mirathi ya baba ambayo haijagawanywa, itaje pia. Urithi ukikufikia kabla hujaachiliwa kwenye ufilisi nao unahesabika, na unatakiwa kuwaarifu.

Kwenye mshahara, atakuuliza matumizi ya mwezi mzima, kodi, umeme, nauli, chakula. Usijibane kwa aibu ukaandika chakula cha njaa. Andika unachotumia kweli. Ikibaki ziada ya maana, wanaweza kukuwekea utaratibu wa kuchangia kila mwezi hadi miaka mitatu. Isipobaki, hakuna. Vyombo vya ndani vya kawaida hawachukui.

Benki yako ikifunga akaunti usishtuke, ni jambo la kawaida. Fungua akaunti ya msingi benki nyingine na umpe mwajiri namba mpya kabla ya siku ya mshahara.

---

Mzaramo_Glasgow:

Wanaosoma wakiwa Scotland waangalie, huku utaratibu ni mwingine na ofisi ni nyingine. Haya yanayosemwa ni ya Uingereza ya huko chini na Wales.

---

Binti_Pangani:

Mungu awalipe. Nimelia kidogo, ila cha kushangaza nimepata usingizi leo mchana. Nimeshapiga namba ya kwenye barua: mkalimani wamekubali, na wamesogeza hadi saa nane mchana ili nilale kwanza. Kijumbe nimemwambia. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimekula.

Kaka Mwana_Ilala nashukuru kwa nia yako, lakini mama mwenyewe nilipomgusia alisema hataki karatasi ya uongo chini ya godoro lake.

Bado nina maswali mawili. Baba Nasri, walikuuliza kuhusu mwenzi wako? Mimi sijui hata huyu mwanaume anaishi wapi. Na jina langu litatangazwa wapi, kanisani watajua?

---

Baba_Nasri:

Waliniuliza mke wangu anachangia nini nyumbani. Kwako wataliuliza hilo, na la biashara pia: nani alikuwa anashika hesabu, vitabu viko wapi, magari ya biashara yalikwenda wapi. Kama vyote vilikuwa mikononi mwake, sema hivyo, na useme mara ya mwisho ulijua yuko wapi. Usimchafue, usimfiche. Ukianza kulia, mwombe ofisa dakika chache. Mimi niliomba, nikanywa maji, nikarudi, na hakuna kilichoharibika.

Jina linatangazwa kwenye gazeti la serikali, London Gazette, na kwenye daftari la mtandaoni la waliofilisika. Mtu lazima alitafute ndipo aone. Mimi msikitini hakuna aliyewahi kunigusia. Kwa kawaida unaachiliwa baada ya miezi 12, na baada ya miezi mitatu zaidi jina linatoka kwenye hilo daftari. Kumbukumbu za mikopo ndizo zinakaa miaka sita. Katika huo mwaka usikope pauni 500 au zaidi bila kumwambia mkopeshaji hali yako, na usiwe mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama.

Alhamisi kaa mezani, usikae kitandani. Weka karatasi ya tarehe, taarifa za benki zenye maandishi ya penseli, ile ya Kibaha, hesabu ya upatu, kalamu na glasi ya maji. Chaji simu. Jina la ofisa na namba ya kumbukumbu yako viandike juu kabisa, maana utavihitaji ukituma nyaraka. Kabla hajakata, muulize akutajie kila anachosubiri kutoka kwako na mwisho ni tarehe gani, uandike huku anasema.

Mimi Alhamisi nipo barabarani hadi jioni, lakini ujumbe nitausoma nikipumzika. Ukishamaliza andika hapa.