Tupeane uzoefu: lini nyumbani kwenu walianza kukuhesabu mtu mzima?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina miaka 29, bado nakaa kwetu Ng'ambo, hapa mjini Unguja, na nimechoka kuambiwa vijana wa leo tunadeka. Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Jensen Arnett, aliandika kwamba kwao umri wa miaka 18 hadi 25 umekuwa hatua peke yake, kwa kuwa watu wanasoma muda mrefu na wanachelewa kuoana, na miaka hiyo mtu yumo katika kujitafuta. Kwetu kuchelewa kupo, lakini nafasi ya kujitafuta ndiyo siioni. Wengi tunanunua mchele wa nyumba nzima na kusomesha wadogo zetu, ila wazee wakikaa kikao cha ukoo sisi tunatumwa chai. Elezeni yaliyowakuta.

Konde, Pemba:
Baba alioa kwa msimu mmoja wa karafuu. Mimi nachuma kwa pishi katika shamba la watu, na mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Ilipozaa nikanunua matofali, ilipokataa msingi ukaota majani. Posa imekubaliwa na mahari tumeelewana. Kinachosubiriwa ni kitanda, kabati, na chumba cha kuviweka.

Nungwi:
Hoteli. Masika yakiingia wageni hupungua, tunarudishwa nyumbani bila mshahara. Mzee gani atamuoza binti yake kwa kazi hiyo?

Paje:
Kaka zangu, nyinyi angalau mkipata pesa mlango unafunguka. Mimi nimemaliza ualimu chuo kikuu na nasubiri ajira. Bamvua likifika nashuka pwani na mama kufunga mwani, jioni nasomesha tuisheni. Baba alipougua, nauli ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja na dawa nilitoa mimi, na kulala naye wodini nikapanga zamu mimi. Mdogo wangu wa kiume alipohamia chumba cha kupanga mjini hakuna aliyesema kitu. Nilipotaja mimi, nikaulizwa nitakaa chini ya nani. Kumbe mpaka niolewe, hata nikiwa ndiye ninayelisha nyumba.

Ng'ambo:
Dada wa Paje, pole sana, na hili lako ni zito kuliko langu. Kina dada mliopanga chumba kabla ya kuolewa, wazee mlikaa nao vipi mpaka wakaridhia? Na kuna shangazi au mjomba aliyewasemea?