Tupeane uzoefu: ng'ombe wa maziwa na joto la kaskazi

Mfugaji_Pongwe
Wakuu, salaam. Niko Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, ninaowakamua kwa sasa ni watatu. Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, Desemba mpaka Machi, maziwa yanashuka kama mtu kafunga koki. Mwaka huu Sikudhani, ndiye mkubwa wa zizi, ametoka lita 14 hadi 9 ndani ya siku nne. Kiwele kizima, pumba na mashudu nampa kipimo kilekile. Anasimama tu, hataki kulala, shingo kainyoosha, ute unamchuruzika.

Juzi saa nane mchana nikakaa na simu, nikawa nahesabu ubavu unavyopanda na kushuka. Nusu dakika, mara 46. Yaani 92 kwa dakika. Bwana mifugo wetu anasema ukishaona amepita 60 ujue analemewa. Nikawahesabu na wenzake: friziani mwingine 88, yule Jersey 64.

Kivuli nimeshajenga, bati zuri kabisa, kwa hiyo msiniambie "weka kivuli". Naomba aliyepitia aseme alifanya nini kikasaidia na nini kilimtia hasara. Hasa hicho cha pili, maana mafanikio tunayasikia kila siku.

Mtukuyu
Poleni wakuu. Huku kwetu Julai ng'ombe tunatamani kuwavisha sweta.

MamaNdama
Mtukuyu usitucheke, mitamba ya huko kwenye baridi ndiyo iliyoniliza. Nilinunua mitatu yenye mimba kubwa, nikaisafirisha Januari kuja Bunju. Dereva alitakiwa kuingia alfajiri, akaingia saa saba mchana baada ya kukaa kwenye foleni Kibaha, turubai limefungwa kote "wasipigwe jua". Tulipofungua, mmoja alikuwa amelala na hakuinuka tena. Wa pili mimba ilitoka wiki iliyofuata. Wa tatu ninaye mpaka leo, nampenda kama mtoto wa kuzaa.

Wale walikuja na manyoya marefu ya baridi, ukiyapapasa unahisi zulia. Siku hizi nanunua Juni au Julai, gari linatembea usiku, na pembeni liko wazi. Mnyama anapata miezi mitano ya kuzoea kabla kaskazi haijamkuta.

BiMkubwa_Kigamboni
Mwanangu wa Pongwe, hilo bati zuri liko juu kiasi gani? Mimi la kwangu lilikuwa refu kuliko kichwa changu kwa shubiri mbili. Siku moja saa nane nikasimama pale anaposimama ng'ombe, nikainua kiganja juu bila kugusa bati. Lilikuwa linanichoma kwa mbali kama jiko la mkaa. Sasa yeye anakaa chini ya jiko hilo tangu saa nne asubuhi mpaka jioni, halafu tunamsema mvivu wa kula.

Nikataka paa linyanyuliwe, fundi akanipigia hesabu ya kunitoa macho. Nikafanya ya kimaskini: nikatandaza makuti chini ya bati, nikaacha nafasi ya upepo kupita katikati. Tofauti ilikuwa siku hiyohiyo. Ubaya wake makuti yanaingia panya, na moto uwe nayo mbali. Jirani yangu yeye alipaka chokaa nyeupe juu ya bati, inasaidia mpaka mvua iioshe.

La pili ni ukuta. Marehemu mzee wangu alijenga ukuta kamili pande tatu kwa kuogopa wezi. Wezi hawakuja na upepo nao haukuja. Mwishowe nilibomoa upande wa baharini, nikaweka mabomba ya chuma. Usiku ule ng'ombe walilala wote. Niliwasikia wanavyocheua, nikakaa nje kama mjinga nikiwasikiliza.

Mmalindi
Mkuu wa Pongwe, swali moja tu. Hayo maji yao, umewahi kutia mkono ndani saa nane mchana?

Mfugaji_Pongwe
Bi Mkubwa shikamoo. Lipo kama futi saba, na huo ukuta wa wezi hata mimi ninao, pande mbili. Mmalindi, maji yapo muda wote, hayakatiki. Mkono sijatia. Kesho nitatia.

Kaka_wa_Jangwani
Hasara yangu hii hapa. Nilifanya kazi miaka 4 kwenye shamba la maziwa Al-Kharj, kusini ya Riyadh. Agosti nje inafika nyuzi 46, 47, na wale ni Holstein watupu, si chotara. Ila ukiingia bandani hawahemi. Paa liko juu sana, pande zote wazi, feni kubwa zinapuliza ukungu wa maji. Hewa ya kule ni kavu, tone halifiki chini, linakauka njiani na hewa inapoa.

Nikarudi kwetu Bagamoyo na akili ileile. Nikanunua pampu na pua za kutoa ukungu, nikatandaza banda zima, nikawaita na majirani waje kuona. Wakuu, nilikuwa nimejenga hamamu. Hewa yetu ya Februari imeshashiba maji, ukungu hauna pa kwenda, unabaki umening'inia humo ndani. Pumzi zikapanda badala ya kushuka. Sakafu ikawa tope, na kabla mwezi haujaisha wawili wakapata ugonjwa wa kiwele. Majirani wale wale wakawa wanakuja kuona tena.

Sasa natumia mpira wa bustani tu. Namlowesha mabega, mgongo na mbavu mpaka maji yafike kwenye ngozi, dakika moja au mbili, nafunga. Feni inapuliza robo saa. Akikauka narudia. Maji yasiteremke kwenye kiwele. Kinachompoza ni yale maji kuondoka mwilini kwa upepo. Kama umeme umekatika na hakuna upepo, simlowanishi, maana nitakuwa nimemvika blanketi la mvuke.

DodomaKavu
Basi huku kwetu ukungu unafanya kazi, maana Oktoba na Novemba hewa ni kavu kama ya kwako ya jangwani. Tatizo letu ni hayo maji yenyewe ya kunyunyiza.

Mmalindi
Mimi niko na ng'ombe sita wa gredi, yaani wa damu ya kizungu, nje kidogo ya Malindi. Nilichojifunza ni kwamba joto haliji kwa jua peke yake. Tumbo la ng'ombe ni tanuri. Akila, kile chakula kikichacha mle tumboni kinatoa joto lake, na majani makavu yaliyokomaa ndiyo yanayochemka zaidi. Ukimjazia hori saa tatu asubuhi, tanuri linakolea saa ileile jua liko utosini. Yeye si mjinga, anaacha kula. Wewe unaona maziwa yameshuka, na huwa yanashuka siku moja au mbili baada ya joto lenyewe, hata ukawa unalaumu kitu kingine.

Kwangu chakula kingi kinaliwa usiku. Majani ya Napier machanga yaliyokatwakatwa jioni saa moja, nyingine saa nne nikienda kulala, na kijana anaongeza saa kumi alfajiri. Mchana wanapata kidogo tu cha kuchezea mdomo. Lakini msije mkakata majani mkajaza pumba eti ndiyo hayachemshi. Nilifanya hivyo, tumbo likachacha, kinyesi kikawa uji wenye mapovu, ng'ombe akaanza kuchechemea.

MamaNdama
Mmalindi, na ile baikaboneti?

Mmalindi
Naam dada. Ng'ombe anayehema na kudondosha ute anapoteza mate ambayo ndiyo yangetuliza tumbo. Nachanganya gramu 150 kwa siku kwenye chakula, pamoja na chumvi ya madini. Ile ya kuumulia mandazi, sio magadi ya kutengenezea sabuni. Hiyo ya sabuni utamchoma utumbo.

DaktariMabuti
Naomba niwapunguze kasi kidogo. Si kila anayehema Januari kashikwa na joto. Mwaka juzi mteja wangu alimmwagia maji ng'ombe wake siku tatu mfululizo, kila jioni ananiambia kwa simu "anaendelea na joto la kaskazi". Nilipofika alfajiri kipimajoto kikasoma 40.8. Nikapapasa chini ya sikio, tezi imevimba kama limau, na ya mbele ya bega hivyohivyo. Ndigana kali, homa inayoletwa na kupe. Dawa yake, buparvakwoni, ilipatikana, lakini mapafu yalishajaa. Alikufa mchana.

Joto la hewa linawagusa wote bandani, hata kama wanazidiana. Akihema mmoja wengine wametulia, shuku. Halafu pima alfajiri, saa kumi na mbili kabla jua halijatoka. Wa joto la hewa atakuwa ameshuka mpaka 38 na ushee. Wa ndigana hashuki. Kipimajoto ni bei ndogo kuliko mashudu ya siku mbili, na sielewi kwa nini wafugaji wengi hawana.

MhimilishajiMuheza
Wazee wa zizi, na mimi niseme la kazini kwangu, uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu. Joto la jua linaua joto la kupandwa. Kuanzia Januari simu zangu zote ni moja: "ng'ombe wangu hapati joto." Anapata! Ila linakuja usiku, linakaa saa chache, hana nguvu ya kupanda wenzake, na wewe umelala. Toka na tochi saa nne usiku, rudi saa kumi. Angalia ute mwembamba unaovutika kwenye mkia, angalia tope mgongoni. Ukinipigia mchana wa saa saba kwamba alionekana jana asubuhi, unanipa nauli ya bure.

Na hata mbegu ikishika, siku za mwanzo kijusi ni kama yai kwenye kikaango. Mama akichemka, kinapotea bila hata wewe kujua kilikuwepo. Ndiyo maana nawaambia watu, kama unaweza kusubiri, himilisha Juni mpaka Agosti. Atazaa Machi mpaka Mei, kaskazi inaisha, majani ya masika yanaota. Nasema hivi huku najua naikosesha biashara yangu miezi mitatu.

ChotaraSafi
Mnajitesa. Mimi nimeachana na friziani. Nina chotara wa Boran na Ayrshire, na mmoja wa aina ya Mpwapwa. Saa nane wako juani wanakula.

BiMkubwa_Kigamboni
Lita ngapi kwa siku baba?

ChotaraSafi
Saba. Nane akijitahidi.

BiMkubwa_Kigamboni
Haya.

ChotaraSafi
Lakini ni saba za Februari na saba za Julai, Bi Mkubwa. Na sihesabu pumzi za mtu.

Mfugaji_Pongwe
Wakuu nimerudi. Mmalindi, nakuvulia kofia. Nilitia mkono kwenye hori la maji saa nane na nusu, nikautoa mwenyewe. Ya kuoga mtoto mchanga. Bomba langu ni lile jeusi la plastiki, limelala juu ya ardhi mita 40 kutoka kwenye tangi, na tangi nalo jeusi, liko juani kwenye mnara. Sikudhani anakuja, ananusa, anachovya mdomo, anaondoka. Miaka mitatu nimekuwa nikijisifu kwamba ng'ombe wangu wana maji masaa 24.

Nikachimba mtaro, bomba nimelifukia, tangi nimeliezekea makuti. Jioni ile baada ya kukamua nilimpa kwa ndoo ili nihesabu. Alikunywa ndoo tatu za lita 20 bila kuinua kichwa, akapumzika, akanywa nusu ya nne. Chakula nimehamishia usiku, na ukuta mmoja umeshuka. Wiki ya pili sasa: lita 11 na nusu. Paa bado, nasubiri mchezo wangu wa kikoba.

DaktariMabuti
Hongera. Ila mwanzoni ulisema una ng'ombe wanne na unakamua watatu. Wa nne yuko wapi?

Mfugaji_Pongwe
Huyo nimemkausha, atazaa mwezi wa tatu mwishoni. Yuko nje nyuma ya nyumba, nimemfunga kwenye mnazi, banda halitoshi. Si hakamuliwi?

DaktariMabuti
Huyo ndiye wa kwanza kuingia ndani. Miezi miwili ya mwisho kiwele kinajijenga upya na ndama anakua haraka. Akichemka sasa, atazaa ndama mwepesi na maziwa yatapungua uzao mzima, hata kaskazi ikiwa imeisha zamani. Na mnazi mmoja si kivuli, ni mstari. Hapo ndipo ushauri wa mwenzangu wa Muheza una mtego: ukihimilisha Juni, miezi ya kukausha inaangukia Januari hadi Machi.

MhimilishajiMuheza
Daktari kanishika hapo. Kweli kabisa.

Mfugaji_Pongwe
Nimetoka kumhesabu sasa hivi pale kwenye mnazi. 96. Nimemhamishia chini ya mwembe wa jirani, tumekubaliana namlipa kwa mbolea. Nitampima alfajiri, kipimajoto nimeazima.