Je, programu za akili mnemba zina msaada wa kweli katika kuuchunguza muswada wa Voynich?

Mwanagenzi:

Wanajamvi, salaam. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitumia saa za jioni kuzipitia picha za muswada wa Voynich, ambazo Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, inayoutunza tangu mwaka 1969, imeziweka wazi kwa kila mtu. Kwa wasioufahamu, ni kitabu cha ngozi ya ndama chenye kurasa zipatazo 240, kilichojaa michoro ya mimea isiyotambulika, duara za nyota na wanawake wanaooga katika vidimbwi vya maji ya kijani, na kimeandikwa kwa herufi ambazo hazijaonekana katika kitabu kingine chochote. Upimaji wa kaboni umeonyesha kwamba ngozi hiyo ilitayarishwa kati ya mwaka 1404 na 1438. Mfanyabiashara wa vitabu Wilfrid Voynich alikinunua nchini Italia mwaka 1912, na tangu hapo hajatokea mtu aliyekisoma na wataalamu wakaukubali usomaji wake.

Jambo langu ni hili. Wiki iliyopita niliipa programu moja ya mazungumzo mstari unaoanza muswada, kama watafiti wanavyounukuu kwa herufi za Kilatini: «fachys ykal ar ataiin shol shory». Ikanijibu bila kusita kwamba hayo ni maelezo ya mzizi unaochemshwa kwa maji ya mto. Nilifurahi mno, nusura niwaamshe watu nyumbani. Kesho yake nikafungua mazungumzo mapya, nikaandika mstari uleule, nikaambiwa kwamba ni dua inayoelekezwa kwa nyota. Sasa nauliza kwa dhati: chombo hiki kina msaada wowote, au niachane nacho?

Karani wa Hati:

Ndugu yangu, furaha uliyoipata usiku ule naifahamu vizuri, na ndiyo ninayoiogopa. Kazi yangu ni kusoma barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na humo nimejifunza jinsi jicho linavyoweza kuona kile ambacho moyo unakitaka. Chukua herufi mbili tu, ba na ta, zilizoandikwa bila irabu. Kwa kuwa waandishi wengi wa zamani walitumia ba hiyohiyo kwa sauti za b, p na mb, naweza kuzisoma pata, pita, pete, bata, bati au hata mbata. Kinachoniokoa ni kwamba lugha naijua, na maneno yaliyotangulia yananibana: mtu anayedai fedha za magunia ya mbata hawezi kugeuka ghafla akawa anazungumzia bata. Msomaji wa Voynich hana lugha anayoijua wala neno moja la uhakika la kumbana.

Ndiyo maana sikushawishika na habari zilizoenea mwaka 2018, kwamba Bradley Hauer na Grzegorz Kondrak wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wamegundua kwa kompyuta kuwa lugha ya muswada huenda ni Kiebrania. Walikisia kwamba irabu zimeachwa na kwamba herufi za kila neno zimepangwa upya. Kisha sentensi ya kwanza ilihitaji kusahihishwa tahajia na kupitishwa katika programu ya tafsiri ndipo ikaleta maana. Ukijipa uhuru wa kiasi hicho, utapata sentensi yenye maana popote utakapotazama. Kosa hili lilikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1921 Profesa William Newbold wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitangaza kwamba ndani ya herufi hizo mna vialama vidogo sana vya hati ya mkato, na kwamba mwandishi ni Roger Bacon, mtawa na mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 13. Mwaka 1931 msomi mwenzake, John Manly, akaonyesha kwamba vialama hivyo vilitokana na wino kupasuka juu ya ngozi. Newbold hakuwa tapeli. Alikuwa msomi mwaminifu aliyeyaona yale aliyoyatafuta, tena akiwa peke yake, ilhali wewe una mwenzako anayekukubalia kila unachopendekeza.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, fanya jaribio moja. Chukua maneno ya ukurasa mzima, uzichanganye ovyo herufi zake, kisha uipe programu na kuiambia kwamba huo ni ukurasa mwingine wa muswada. Ikikutafsiria na huo kwa ufasaha uleule, utakuwa umepata jibu kuhusu zile tafsiri mbili za mwanzo.

Mhesabu:

Naunga mkono jaribio la Karani, lakini nisingependa uachane na chombo chenyewe, maana kina kazi yake. Usiiombe tafsiri, iombe ikuandikie programu fupi ya kuhesabu. Ukiiuliza moja kwa moja neno «daiin» limetokea mara ngapi katika muswada, itakukisia namba, kwa sababu programu hizi huyapokea maandishi kwa vipande vya maneno, si herufi mojamoja, kisha hutunga jibu linaloelekea kufaa. Lakini ikikuandikia msimbo wa Python (lugha ya kuandikia programu) unaosoma faili la unukuzi wa EVA, yaani ule mfumo wa kuunukuu muswada kwa herufi za Kilatini, hesabu itafanywa na kompyuta yako mwenyewe, nawe utaweza kuihakiki kwa kuhesabu ukurasa mmoja kwa kidole. Utaona kwamba q hufuatwa na o karibu kila mara, na kwamba maneno yanayofanana, kama «qokeedy», «qokedy» na «okeedy», yanarudiarudia kwa karibu mno. Ukijua herufi moja, ni rahisi kuikisia inayofuata kuliko ilivyo katika lugha za Ulaya. Nadharia yoyote isiyoyaeleza hayo haijafika popote.

Usiuhesabu muswada wote kama kitu kimoja. Katika miaka ya 1970 Prescott Currier, mfumbuzi wa maandishi ya siri, alionyesha kwamba mna namna mbili za maandishi, alizoziita A na B. Neno «chedy», kwa mfano, limejaa katika B na ni nadra mno katika A. Mwaka 2020 Lisa Fagin Davis, mtaalamu wa hati za kale, akatambua mikono ya waandishi watano. Ukiwachanganya, utapata wastani usiomhusu hata mmoja wao. Na picha usiipe iinukuu: mimi nilijaribu, ikaniletea maneno ambayo hayamo kwenye ukurasa.

Mpita Maktaba:

Naongeza mfano mmoja wa kompyuta iliyosaidia kweli. Muswada wa Copiale, kitabu kingine cha maandishi ya siri chenye kurasa 105, kilichochanganya herufi za Kilatini na alama ngeni, ulifumbuliwa mwaka 2011 na mtaalamu wa kompyuta Kevin Knight akishirikiana na Beáta Megyesi na Christiane Schaefer wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Walianza kwa kudhani kwamba ujumbe umo katika herufi za Kilatini. Ikaja kubainika kwamba herufi hizo zilisimama mahali pa nafasi kati ya maneno, na ujumbe wenyewe, wa Kijerumani, ulikuwa katika zile alama ngeni. Tazama uthibitisho wake: ufunguo uleule uliendelea kutoa Kijerumani chenye maana ukurasa baada ya ukurasa, kikaeleza taratibu za chama cha siri, ambamo mwanachama mpya hupewa karatasi tupu na kuambiwa aisome, kisha huvishwa miwani, huoshwa macho, na mwishowe hung'olewa unywele wa nyusi.

Mwanagenzi:

Nawashukuru nyote, na hasa wewe Karani, kwa kuniambia ukweli. Nimefanya jaribio lako juzi usiku. Herufi nilizozichanganya mwenyewe zilitafsiriwa kuwa dawa ya homa, kwa ufasaha uleule, tena na vipimo vyake vya majani. Nilikaa kimya kwa muda, kisha nikazikata kurasa nne za daftari langu.

Jana nimefuata ushauri wa Mhesabu. Msimbo ulikuwa na kosa moja, kwani alama za mwisho wa mstari zilikuwa zikihesabiwa kama herufi, na niliigundua hitilafu hiyo kwa sababu nilikuwa nimeuhesabu ukurasa wa kwanza kwa kidole. Baada ya kuurekebisha, nimeona kwamba maneno yanayoishia na m yamerundikana mwishoni mwa mistari. Nimesoma kwamba watafiti walikwisha kuliona jambo hilo zamani, lakini kulifikia kwa hesabu yangu mwenyewe kumenipa moyo kuliko zile tafsiri zote. Sasa nataka kujua kama hali hiyo ni sawa katika A na B. Mhesabu, kama unayo orodha ya kurasa zilizotenganishwa kwa namna hizo mbili, naomba uiweke hapa.