Ushauri: kijiji chetu kinataka kujenga zahanati kwa mbao za paini, tuanzie wapi?

Katibu wa Ujenzi

Wakuu habarini. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika kijiji kimoja huku Makete. Kituo cha afya cha karibu kiko kilomita 17. Mvua zikikolea pikipiki haipandi ule mlima, mjamzito anabebwa kwa machela. Msimu uliopita dada yangu alijifungulia njiani. Mtoto yu mzima, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile jambo hili limenikaa moyoni.

Kijiji kina shamba la paini tulilopanda wenyewe 2003. Mkutano mkuu umekubali tuvune sehemu tujengee zahanati. Hoja ya vijana ni kwamba tofali za kuchoma zinakula kuni nyingi mno, na msitu wa asili kule bondeni umeshapungua vya kutosha. Wazee hawataki. Wanasema mbao ni za banda, mchwa watazimaliza, moto utazimaliza, na wodi ya mbao haioshwi. Hawajatoa maneno hewani: stoo ya shule yetu ilijengwa kwa mbao, na mwaka wa nne sakafu ikabomoka.

Nawaomba wenye ujuzi. Tukate miti au tusubiri?

Fundi wa Mafinga

Katibu, pole kwa dada. Nimekulia kwenye mbao, baba yangu alifanya kazi Sao Hill, lile shamba kubwa la miti, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Naomba nikuulize, nguzo za ile stoo zilichimbiwa ardhini? Nina hakika jibu ni ndiyo. Paini ikigusa udongo imekwisha. Mchwa wa ardhini hutembea ndani ya vijia vya udongo wanavyovijenga wenyewe, hivyo dawa ya kwanza ni kuwalazimisha wapite mahali unapowaona. Jengeni msingi wa mawe utoke juu ya ardhi sentimita 50 au 60. Juu ya mawe lazeni bati lililokunjwa, kingo zake zitokeze nje na kuinamia chini, ndipo mlaze boriti ya kwanza. Kila nguzo ya baraza ikae kwenye kiatu cha chuma, yaani kishikio kinachoinua mguu wa nguzo, isiguse zege. Halafu mpeni mtu mmoja kazi ya kuzunguka jengo kila mwezi na kubandua kijia chochote atakachokiona.

La pili ni ukavu. Ukungu unaoozesha mbao hauoti mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20. Mkishapasua, pangeni mbao juu ya magogo, chini ya bati, na vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite. Kama hamna kipimo, chagueni vipande vitano, vitieni alama, mvipime kwa mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka kadiri hewa ya huko inavyoruhusu. Madoa ya bluu yasiwatishe, hayapunguzi nguvu.

Na msipasue kwa dingidongi, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, ya mtu mwenye haraka. Mbao ikitoka nene huku nyembamba kule, kuta hazitafunga, na ufa kwenye chumba cha wagonjwa ni nyumba ya wadudu.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu katibu, nimezalisha miaka 31, mingi yake kwenye zahanati za vijijini. Wazee wako wana haki kwenye la kuosha. Damu ikimwagika tunaimwagia klorini ya asilimia 0.5, tunasubiri, tunaosha. Hiyo kazi huwezi kuifanya juu ya mbao zenye mianya.

Lakini si lazima kila chumba kiwe cha mbao. Chumba cha kujifungulia, cha kufungia vidonda, cha kusafishia vifaa na vyoo, jengeni kwa tofali za saruji, sakafu ya zege laini, kona ya ukuta na sakafu iviringwe ili fagio lisiache kitu. Mbao zibaki mapokezi, chumba cha daktari, dawa, kliniki ya watoto, mapumziko ya wazazi, baraza na paa lote.

Halafu baridi. Makete naijua mwezi wa saba! Chumba cha kuzalia kinatakiwa nyuzi joto 25 hadi 28, maana mtoto mchanga anapoa upesi kuliko mnavyodhani. Hicho chumba kiwekeeni dari nzito na kikae katikati ya jengo, kisipigwe na upepo.

Mchora Ramani, Kigali

Naunga mkono mama mkunga, naongeza hewa. Hapa Rwanda tuna hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, iliyofunguliwa 2011. Ni ya mawe ya volkano, si mbao, ila jifunzeni hili kwake: korido ziko nje. Wagonjwa hawabanani ndani wakikoholeana. Shirika la Afya Duniani linataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi ya kawaida, na 160 pale penye magonjwa ya kuambukiza kwa hewa kama kifua kikuu. Bila umeme mtazipata kwa madirisha yanayotazamana na matundu juu karibu na paa. Baraza pana ndiyo iwe sehemu ya kungojea, na paa litokeze mita moja nzima. Paa hilo hilo litazikinga kuta na mvua.

Katibu wa Ujenzi

Mama, fundi, ndugu wa Kigali, asanteni sana. Kuna mfanyabiashara anatushauri tupeleke mbao zote zikatiwe dawa ya kijani, ile ya nguzo. Na la moto?

Fundi wa Mafinga

Ile ya kijani ina shaba, kromiamu na arseniki. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Itumieni kwa nguzo za baraza tu, zile zinazopigwa na mvua. Ndani tumieni boraksi na asidi ya boriki. Haivumilii mvua lakini ndani inatosha. Na nakusihi hili, vipande vinavyobaki vya kijani visipikiwe. Ndugu wa wagonjwa watakuja na masufuria, wataviokota, na arseniki itakuwa kwenye moshi na majivu. Zikeni mapema.

Moto: mbao nene huungua polepole, kama milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa wake unakinga kiini. Nguzo ya inchi sita ikiungua pande zote nusu saa, inchi nne zinabaki zimebeba paa. Papi, zile mbao nyembamba za inchi mbili kwa mbili, hazina kinga hiyo. Kichomea taka na jiko la ndugu viwe mbali.

Mkunga Mstaafu

Na kabla shoka halijagusa mti, mchoro ufike kwa mhandisi wa halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya. Nimeona jengo zuri limekaa miaka miwili bila muuguzi kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Katibu wa Ujenzi

Nimewasomea wazee uzi huu wote jana jioni. Mzee aliyepinga zaidi ameuliza kama kiatu cha chuma kinaweza kufuliwa hapa kijijini. Jumatatu naenda halmashauri na mchoro wa mkono. Vijana wanaanza kukusanya mawe ya msingi.