Google Scholar, JSTOR, AJOL au rafu za maktaba? Kutafuta makala za anthropolojia ukiwa Kisumu

DalaKisumu

Wadau, hamjambo. Niko mwaka wa tatu, nasomea anthropolojia chuo kimoja huku magharibi, nakaa Nyalenda. Kazi yangu ya muhula inauliza kwa nini mtu aliyezaliwa Kisumu mjini, akafanya kazi Kisumu, akafia Kisumu, bado husafirishwa hadi kwao Siaya au Homa Bay akazikwe. Mhadhiri anataka makala za kitaaluma zisizopungua 12, marejeleo kwa mtindo wa Chicago, ule wa mwandishi na mwaka. Tena ameapa atafungua kila rejeleo ajionee.

Nimejaribu Google Scholar kwa simu. Kosa langu, niliandika neno Luo, jina la kabila letu, na mwaka basi, nikaletewa Wachina. Kumbe Luo ni jina la ukoo huko China, na wanasayansi wenye jina hilo ni wengi kuliko ngege wa Dunga. JSTOR, ile hazina ya majarida ya kitaaluma, nimefungua akaunti ya bure. AJOL, ile ya majarida ya Kiafrika, nimeisikia tu. Maktaba ya chuo sijakanyaga tangu mwaka wa kwanza, na nenosiri langu la huko silikumbuki.

Kwa bando la mwanafunzi na siku 18 zilizobaki, nianze wapi? Na hizi programu za kupanga marejeleo, Zotero na Mendeley, zina maana kwa kazi ndogo kama hii?

Karatasi_Njoro

Ndugu, mimi niko Njoro namalizia uzamili, na nimezunguka kote huko. Google Scholar ni ya kutafutia, JSTOR ni ya kusomea. Ukizichanganya kazi utachoka bure.

Uzuri wa Scholar si orodha ya kwanza inayokupa. Chini ya kila makala kuna kiungo kinachoonyesha kazi zilizoinukuu baadaye. Pata makala moja nzuri ya miaka ya tisini, bonyeza hapo, utajua nani alimjibu nani mpaka mwaka huu. Ukitumia kompyuta, angalia pia upande wa kulia: pakiwa na alama ya PDF, mara nyingi hiyo nakala unaweza kuifungua bila kulipa.

JSTOR ni kama mzee wa boma. Ya zamani anayajua yote, ya juzi umuulize mwingine. Majarida mengi huzuia matoleo ya miaka michache ya karibuni yasiingie humo. Lakini ukitaka mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alipoandika kuhusu desturi za ndoa za Waluo mwaka 1950 katika jarida la Africa, atakutolea mara moja. Akaunti ya bure inakupa kusoma makala 100 mtandaoni kila siku 30. Ni kusoma papo hapo, usidhani utazipakua zote.

Halafu jihadhari na hili: JSTOR imejaa uhakiki wa vitabu wa kurasa mbili. Una kichwa kama cha makala, una jina la mwandishi mkubwa, kumbe ni mtu anakisifu kitabu cha mwenzake. Mwaka wangu wa pili niliweka tatu za namna hiyo kwenye orodha. Zikarudi na mduara mwekundu.

NyarAlego

Omera, shida yako haiko kwenye mtandao gani, iko kwenye maneno unayotafutia. Waandishi wa zamani hawakutuita unavyotuita wewe. Andika Kavirondo, jina la kikoloni la eneo letu na watu wake, uone mlango unavyofunguka. Mwanaanthropolojia Wagner alipoandika kitabu chake cha 1949 kuhusu Waluhya, aliwaita Wabantu wa North Kavirondo. Waluhya wenyewe utawakuta wameandikwa Luhya, Luyia, Abaluyia. Wakisii ni Gusii kwa huyu na Kisii kwa yule. Kila jina lina lundo lake la makala, na usipobadilisha neno hutaliona.

Kwa mada yako, ongeza neno la Kidholuo: dala (boma la nyumbani), simba (kibanda cha kijana bomani), tero buru (ibada ya msiba ya kufukuza kifo). Mwanaanthropolojia aliyekaa kijijini hawezi kuandika kuhusu mazishi bila kutaja dala. Aliyeandika akiwa hotelini hatalitaja, na hapo utakuwa umeshamchuja.

Na utaandikaje kuhusu kuzikwa nyumbani bila kesi ya S.M. Otieno? Wakili huyo alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka azikwe shambani kwao upande wa Ngong, ukoo wa Umira Kager ukamtaka Nyalgunga, Siaya, na mwili ukakaa mochari hadi Mei 1987. Wanahistoria Cohen na Atieno Odhiambo waliiandikia kitabu kizima, Burying SM, kikatoka 1992. Miaka mitatu kabla walikuwa wametoa kitabu kingine, Siaya. Ni vitabu, najua mwalimu wako anataka makala, lakini soma marejeleo yao nyuma. Utatoka na makala sita kabla chai haijapoa.

WakiliMtarajiwa

Naongeza hapo kwa NyarAlego. Hukumu yenyewe ya kesi hiyo iko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Usiinukuu kupitia gazeti wala kupitia kitabu cha mtu wakati maneno ya majaji unaweza kuyasoma mwenyewe.

KijanaWaKondele

Mbona mnamchosha komredi? Aiulize akili unde impe makala 12 kwa mtindo wa Chicago. Dakika moja.

BabaAchieng_Milimani

Kijana wa Kondele, mimi husahihisha hizo kazi, kwa hivyo nisikilize. Muhula uliopita nililetewa rejeleo zuri sana. Mwandishi ni mtu halisi, jarida ni halisi, kichwa cha makala kinavutia hata nikajilaumu kwa nini sijaisoma. Nikatafuta toleo lile, nikafungua ukurasa uliotajwa, nikakuta makala nyingine kabisa ya mtu mwingine kuhusu jambo jingine. Ile iliyotajwa haijawahi kuandikwa na yeyote. Mwanafunzi hakuwa mwizi, alikuwa mvivu, lakini mbele ya kamati ya nidhamu hizo mbili hufanana.

Dawa ni rahisi. Makala nyingi za sasa zina DOI, ile namba ndefu inayoanza na 10. Ibandike kwenye doi.org. Isipokupeleka kwenye makala hiyohiyo, usiitumie.

DalaKisumu, nakuandikia wewe sasa, maana maswali ya kutafuta wenzako wamekujibu vizuri. Mimi alama nazikata kwenye kunukuu.

Kwanza, ukibonyeza kitufe cha kunukuu kwenye Scholar, utapewa Chicago, ndiyo, lakini ni ile ya tanbihi na bibliografia, ambayo mwaka hukaa mwishoni karibu na kurasa. Wewe umeambiwa mwandishi na mwaka, ambapo mwaka hufuata jina mara moja. Ukinakili ulivyopewa, orodha nzima itakuwa na mtindo usioulizwa. Ndani ya matini Chicago haiweki mkato kati ya jina na mwaka: (Cohen and Atieno Odhiambo 1992, 45). Mkato huo ni wa APA, mtindo mwingine wa kunukuu. Wanafunzi huchanganya hizi mbili kama omena na dagaa. Na toleo la 18 la Chicago, la mwaka 2024, halidai tena mji wa uchapishaji wa kitabu, kwa hivyo mkutubi akikuambia uuweke na mwenzake akakuambia uuache, muulize kila mmoja anashika toleo gani.

Pili, majina yetu. Huyo Atieno Odhiambo ukimwacha akatwe, atatokea kwenye herufi O kama Odhiambo, na Atieno ageuke jina la kwanza. Maktaba humpanga kwenye A, kwa sababu jina lake la kitaaluma ni hayo mawili pamoja. Mwandishi mwingine, Ocholla-Ayayo, naye ana kistari, usikidondoshe. Hili linaniudhi kuliko makosa ya nukta: mtoto wa Nyanza anayejua kabisa majina ya kwao yanavyokaa, anaiachia mashine imkate mzee jina.

Tatu, kama umesoma hoja ya Evans-Pritchard ndani ya kitabu cha mtu mwingine, sema hivyo, kwamba amenukuliwa humo. Bora zaidi umfungue mwenyewe, na umeshaambiwa yuko wapi.

Umemhoji mtu yeyote?

DalaKisumu

Mwalimu, nimemhoji nyanya yangu huko Ugenya, na dereva mmoja wa gari la maiti pale karibu na hospitali. Nyanya aliniambia kijana akifa bila kujenga simba, hujengewa kibanda kwanza ndipo aletwe, asije akalala nje kama mgeni. Dereva yeye anahesabu safari: Ijumaa jioni hakuna gari linalobaki mjini. Sasa hao nawaweka wapi kwenye orodha ya marejeleo?

BabaAchieng_Milimani

Hawakai kwenye orodha kabisa. Hao ndio data yako. Waeleze kwenye sehemu ya mbinu, umewahoji wangapi, wapi, mwezi gani, kwa lugha gani, kisha ndani ya matini uwataje kwa majina ya kubuni. Nyanya pia umpe jina la kubuni hata kama anaona fahari kutajwa. Maneno yake yaandike kwa Kidholuo alivyoyasema, tafsiri ifuate. Kile kibanda ukikipata kimeandikwa na mtaalamu mahali, mnukuu naye kando ya nyanya. Usimtumie msomi kumsahihisha bibi. Wakitofautiana, hapo ndipo umepata mada.

MkutubiWaZamu

Nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Watoto mnatafuta bando la kulipia makala ambayo karo yenu imeshailipia! Vyuo vingi vya Kenya hununua hifadhidata kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC. Kama chuo chako kimo, zile makala za karibuni ambazo JSTOR ya bure imezifunga huenda ziko wazi kwako. Vyuo kadhaa hutumia programu ya MyLOFT ili usome ukiwa nyumbani. Nenosiri lililopotea si msiba, njoo na kitambulisho, dakika tano.

AJOL isidharauliwe. Ilianza 1998, makao yake ni Afrika Kusini, na majarida yake ni ya Kiafrika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyingi ya makala zake husomeka bure. Upekuzi wake si mwepesi kama wa Scholar, na ubora wa majarida hupanda na kushuka, soma kwanza kabla ya kunukuu. Lakini humo utakuta wenyeji wakiandika kuhusu wenyeji, na mhadhiri akiona orodha ya watu wa Ulaya na Marekani watupu kuhusu mazishi ya Siaya, atakuuliza.

Tasnifu za uzamili pia ziko kwenye hazina za kidijitali za Maseno na Nairobi. Hazihesabiki kama makala za majarida, zinakuonyesha njia tu.

Karatasi_Njoro

Nilisahau swali la programu. Kwa rejeleo 12 unaweza kuandika kwa mkono, lakini mwaka ujao una mradi, anza sasa. Zotero ni ya bure, unabandika DOI inajaza yenyewe, na nafasi ya mtandaoni ya bure ni MB 300, ambayo ukijaza mafaili ya PDF itaisha. Weka PDF kwenye kompyuta au flashi. Mendeley inakupa GB 2, ila ni mali ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier tangu 2013 na programu yake ya simu ilifungwa 2021. Mimi nimehamia Zotero. Hilo la Atieno Odhiambo, andika majina yote mawili kwenye kisanduku cha jina la ukoo, na E. S. kwenye kile kingine.

DalaKisumu

Nimerudi. Nenosiri nimepata, na mkutubi wa kwetu hakunigombeza. Kavirondo imenipa makala nne, kesi ya Otieno tano, AJOL mbili. Ile ya 12 niliyokuwa nimeitunza tangu wiki ya kwanza, ambayo sikumbuki niliitoa wapi, nimeibandika kwenye doi.org.

Haipo.

KijanaWaKondele

Usiniangalie mimi.