Damu ya jirani imenigusa mkononi, nitakuwa salama kweli?

Kijana wa Tandale: Wakuu habari zenu, jana asubuhi jirani yangu katokwa damu puani nikamshika nikamfuta, damu ikanipaka mkononi na mimi nina kidonda nilijikata na kisu nikimenya viazi, sasa jioni ndo naambiwa yule mama anatumia ARV. Usingizi sijapata. Halafu juzi tulikula nae ugali sahani moja!!

Nesi Mstaafu: Tulia mdogo wangu. Ugali, mate, jasho, machozi, choo kimoja, huko VVU haviambukizi. Ishu ni kidonda tu, kimekauka au bado kibichi?

Kijana wa Tandale: juu kimekauka ila pembeni bado pako wazi kidogo

Nesi Mstaafu: Basi acha kusoma majibu hapa, nenda kituo cha afya leo leo waulize kuhusu PEP, dawa za kuzuia VVU visikushike baada ya tukio kama hili, vidonge vya siku 28, mwisho wa kuanza ni masaa 72 tangu damu ikuguse ila ukiwahi ndo vizuri zaidi. Na kama huyo mama anameza dawa zake vizuri na virusi vimefubaa, hatari ni ndogo sana, lakini waache wakupime.

Kipara: Na aliyekupa hiyo siri ya mama wa watu nae ana lake jambo. Wewe ulinawa lakini?

Kijana wa Tandale: nilinawa na sabuni ya kipande palepale. Nishapanda boda naelekea